Mvua ya Nyuma ya Pazia

Nilifika kwenye hitima ya Bi Zuhura nimechelewa. Basi letu la kutoka Morogoro lilipasuka tairi karibu na Gairo, na nilipoingia uani kwake Majengo, Dodoma, wanaume walikuwa wameshaketi chini ya turubai na wanawake wameshajipanga nyuma ya nyumba, juu ya mikeka, pazia la kijani likiwa limefungwa katikati. Nilijitanda kanga kichwani, nikajibana kati ya mama mmoja mnene na binti mwenye mtoto mgongoni, nikatoa salamu za chini chini. Shehe alikuwa anazungumza. Tulijua anazungumza kwa sababu ya mngurumo, lakini vipaza sauti vilikuwa vimeelekezwa kwa wanaume, na huku kwetu kilichofika ni kukohoa kwake tu, pamoja na kelele za sufuria za pilau. "Anasema nini?" yule binti akaniuliza. Nikamwambia sijui. Mama mnene akadakia, "Sisi wa nyuma kazi yetu ni kuitikia amina," na wanawake wakacheka kwa kujizuia, viganja vikiwa midomoni. Mimi nilicheka, kisha machozi yakanitoka. Marehemu tuliyekuwa tunamwombea ndiye aliyenifanya nitokwe jasho la hofu kwa ajili ya jambo hilohilo, nani anasikia nini akiwa nyuma ya pazia, na ilikuwa nyumba hiyohiyo, ukuta wa pili kutoka pale nilipokaa.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili na nilikuwa nimepunguzwa kazi. Shirika tulilolitumikia lilipata mwenye mali mpya, mwenye mali akaja na watu wake, nasi wapiga chapa tukaambiwa tukabidhi mashine na tushukuru. Mji mzima ulikuwa kwenye hali hiyo. Huku wengine wanafunga masanduku, huku wengine wanafungua maduka ya simu. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Kikuyu, kitanda na jiko la mchina, na kila jioni nilisonga ugali wa uwele nikala na mlenda huku nikisikiliza hatua za watu nje, nikidhani kila hatua ni ya mwenye nyumba. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu tumboni. Watu husema wasiwasi ndiyo akili. Ingekuwa kweli, mimi leo ningekuwa profesa. Basi nilipoambiwa kwamba kuna mjane wa Majengo mwenye kibanda cha video anatafuta mtu anayejua kompyuta, nilikwenda siku hiyohiyo. Bi Zuhura alikuwa anapepeta mchele. Hakuniangalia usoni, aliangalia vidole vyangu. "Unaijua kompyuta?" akauliza. Nikasema naijua. Nilichokijua ni kuandika barua za ofisi na kuzipanga pembezoni zikae sawa, lakini hilo hakuuliza. "Haya, Nyemo," akasema, "kaa ule kwanza. Nyinyi Wagogo mkishiba mlenda mnasahau kama kuna wali." Akanipakulia sahani iliyojaa, na kutoka siku hiyo nikawa mtu wake.

Kibanda chenyewe zamani kilikuwa ghala la nafaka la marehemu mumewe. Kilikuwa na paa la bati na dirisha moja lililozibwa na gunia. Mbele palikuwa na televisheni kubwa, halafu mabenchi ya wanaume. Nyuma palikuwa na kizimba cha saruji kilichoinuka, ambacho zamani magunia yaliwekwa yasipate unyevu, na hapo ndipo walipokaa wanawake. Mbele ya kizimba kilifungwa kitambaa kwenye kamba, kikifika usawa wa pua ya mwanamke aliyeketi. Wao waliona televisheni kwa juu, na mwanamume akigeuka aliona macho tu. Bila kitambaa kile wazee wa mtaa wasingeruhusu wake na binti zao wakanyage pale, na bila wanawake kibanda kingekuwa kitupu, kwa sababu mkanda wa Kihindi ni wa wanawake, wanaume husingizia wamekuja kuangalia ngumi. Na watu hawakuja kwa ajili ya mkanda peke yake, walimfuata Bi Zuhura. Aliketi nyuma ya pazia na kipaza sauti mkononi, na kila mhusika alipofungua mdomo, yeye alitafsiri. Alikulia jirani na maduka ya Wahindi, na mtaa wote ulijua kwamba Kihindi anacho. "Kijana anasema hivi. Baba mkwe anajibu vile." Mume na mke, mmoja mbele mmoja nyuma, walitoka pale wamelia kwa maneno yaleyale.

Hofu iliingia kabla ya Ramadhani. Huko Makole lilifunguliwa banda jingine lenye televisheni ya ukutani na sabufa inayotikisa bati, na watu wetu wakaanza kupungua. Siku moja nilikuwa kwa jirani yetu Fundi Selemani, fundi redio ambaye karakana yake ilitenganishwa na kibanda kwa ukuta mwembamba, nikamsikia Mzee Athumani upande wa pili. Mzee Athumani alikuwa kaka wa marehemu, na jengo lilikuwa kwenye mikono yake. Alikuwa na mtu, wanapima. "Alizeti itaingia nyingi hapa," yule mtu alisema. "Na huyu mwanamke je?" Mzee akajibu kwa sauti ya upole kabisa, "Shemeji yangu amechoka. Atarudi kwao Kondoa, akapumzike na ndugu zake. Nimemwambia siku ya Idd Pili nitakuja mwenyewe nione. Nikikuta watu wametulia, nitamwacha. Nikikuta mabenchi matupu au fujo, nachukua funguo." Fundi Selemani aliinua koleo na kuniangalia, akatikisa kichwa, akaendelea kulehemu.

Nilimpelekea Bi Zuhura habari hizo mbio, kumbe anazo. Alikuwa ameketi kwenye chumba chake cha nyuma, chai ya tangawizi mbele yake, haijaguswa. "Kondoa si kubaya," alisema. "Ila Hamisi anapajua hapa." Hamisi ni mwanawe wa pekee, aliyekwenda Sauz, yaani Afrika Kusini, kutafuta maisha kama vijana wengi wa wakati ule. Mara ya mwisho alituma mzigo kwa dereva wa lori: laptop kuukuu, na kijisanduku cheusi cha ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye waya mmoja na matundu ya rangi, pamoja na sidii yake. Hakutuma maneno. Tangu hapo ikawa kimya, hakuna simu, hakuna salamu. "Akirudi akakuta alizeti mlangoni, ataniulizia kwa nani?" Bi Zuhura aliuliza, na hakuwa ananiuliza mimi. Kisha akakiweka kile kijisanduku kwenye kiganja changu. "Hiki hakukituma bure. Kijue ni cha nini."

Ramadhani nzima kibanda kilifungwa kwa heshima ya mwezi, tukapata nafasi ya kuhangaika. Mimi si Mwislamu lakini nilifunga bila kuambiwa, kwa sababu kwa wasiwasi nilikuwa nasahau kula. Fundi Selemani alikigeuza kijisanduku huku na huku, akasema, "Binti, hii ni kadi ya sauti, ila imetoka nje ya kompyuta." Laptop yenyewe ilikuwa na tundu moja la sauti, la kulia na kushoto basi. Kadi ile ilikuwa na tundu la kijani kwa spika za mbele, jeusi kwa za nyuma, na la rangi ya chungwa kwa spika ya katikati na sabufa. Nilichomeka, kompyuta ikaniandikia kwamba haikitambui kitu kile. Nilikaa nikitazama maandishi yale hadi yakawa mawili mawili. Kumbe sidii yake ilitakiwa iingizwe kwanza, ndipo kadi ichomekwe; nilianza upya. Sauti ikatoka, lakini ilitoka mbele tu, spika za nyuma zimekaa kama wageni wasiokaribishwa. Usiku nililala nikiota matundu. Baada ya kubofya kila nilichokiogopa, nikagundua kwamba kompyuta inabidi iambiwe mara mbili: kwanza kwenye mipangilio yake, kwamba spika ni sita, halafu tena kwenye programu ya kuchezeshea mikanda, kwa sababu programu hiyo ina kiburi chake na haiulizi mwenzake. Fundi alikuwa amechonga masanduku ya spika kwa mbao za makabati, na la katikati tukaliweka chini ya televisheni. Tulipoyapanga, akasema jambo ambalo lilinipendeza sana: "Zamani spika moja ilikuwa ya wanaume, moja ya wanawake. Sasa haki iwe ileile. Haya mawili ya nyuma tuyaweke juu ya kizimba, karibu kabisa na masikio ya akina mama." Nilimsifu, na tukayafunga kwa misumari.

Tulijaribu mchana mmoja, mimi na fundi tumeketi benchi la mbele. Kwenye mkanda mvua ikaanza. Ilianzia nyuma ya migongo yetu, ikatembea juu ya vichwa, na Fundi Selemani, mtu mzima mwenye wajukuu, akaruka akakimbilia nje kuanua shati lake kwenye kamba. Nje jua lilikuwa kali na vumbi limekaa hewani. Mwaka ule mvua zilichelewa na ng'ombe wa vijijini walikuwa wanapita mjini mbavu nje. Alirudi ameshika shati, tukacheka mpaka Bi Zuhura akaja kuuliza kuna nini. Sikumkaribisha akae kizimbani asikilize. Alikuwa na futari jikoni, magimbi yanaungua, naye akarudi haraka. Hata leo nikipanga jambo lolote najiuliza nani hajakaa mahali pake bado.

Idd Pili watu walifurika. Habari za sauti ya kuzunguka zilikuwa zimefika hadi Makole kwenyewe. Mzee Athumani alikuja na kanzu iliyonyooshwa na bakora, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba akiwa anahesabu mabenchi kwa macho. Alikaa katikati ya benchi la mbele. Mimi nilikuwa pembeni mwa televisheni na laptop magotini, kidole juu ya kitufe. Mkanda ulikuwa wa kijana aliyefungwa kwa kosa la mwingine mbali na kwao, na mama anayemngoja. Risasi zilipopigwa zikapita kutoka mbele kwenda nyuma, wanaume wakainama, wakashangilia. Sauti ya Bi Zuhura ilikuja kwenye kipaza sauti kama siku zote, labda polepole kidogo, labda maneno machache kidogo. Nilidhani ni uchovu wa kupika pilau ya watu wengi. Mzee Athumani alitikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Ndipo ikaja ile mvua. Kwenye kizimba, masanduku mawili yakiwa sikioni, chini ya bati, haikuwa mvua ya mkanda hata kidogo. "Mvua!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Mtama wangu nimeuanika!" Mwingine akaita, "Ndoo! Tegesheni ndoo!" Wote wakainuka kwa pamoja. Benchi likaanguka, pazia likakatika upande mmoja, mlango ukafunguliwa na mwanga ukafuta picha. Akina mama wakasimama uani kwenye jua la Dodoma, nyuso juu, mikono imekingwa, wanatafuta tone. Wanaume wakaanza kupiga miluzi. Mzee Athumani akasimama, bakora mbele, akasema bila kupaza sauti, "Hii ndiyo fujo niliyoisema." Nikaiweka laptop chini, nikakimbilia nyuma. Nikapanda kizimbani kumsaidia Bi Zuhura kufunga pazia, na hapo, kati ya yale masanduku mawili, nikatega sikio. Nilisikia mvua. Nilisikia upepo, radi, na mlango ukigonga mahali fulani. Neno la mtu sikusikia hata moja.

Bi Zuhura alifunika kipaza sauti kwa kiganja. "Nyemo, tangu mwanzo sijasikia mtu akizungumza. Maneno yao yako wapi?"

"Yamebaki mbele, Mama." Nilielewa nikiwa nasema. Maneno yote yalikwenda kwenye lile sanduku la katikati, chini ya televisheni, kwa wanaume. Huku nyuma kadi ilileta mvua na risasi tu, na kwa wema wetu tulikuwa tumeyafunga masanduku yale masikioni mwa mtu pekee aliyetakiwa kusikia. "Nizime nipange upya, Mama? Nipe dakika tu."

"Ukizima, anaondoka na funguo." Alitazama televisheni kwa juu ya pazia. Kijana wa kwenye mkanda alikuwa amefika kwao, amelowa, amesimama mlangoni kwa mama yake. Bi Zuhura akaondoa kiganja kwenye kipaza sauti. "Jamani, rudini mketi," akasema. "Mvua hiyo ni ya Bombei, haijapata nauli ya kufika Dodoma." Kicheko kikalipuka pande zote mbili. Wanawake wakarudi wakijifuta vumbi na aibu, mlango ukafungwa. Mzee Athumani alibaki amesimama.

Mama wa kwenye mkanda akafungua mdomo, na Bi Zuhura akaanza kusema. "Kijana anapiga hodi. Mama anasema, hodi hiyo naijua." "Kijana anamwambia, mama, nimekaa sana, sikuandika, niliona aibu kuja mikono mitupu." Yule mama wa Kihindi alikuwa analia na kuongea mfululizo, lakini Bi Zuhura hakufuatana naye, alisubiri, kisha akasema taratibu, "Mama anasema, walitaka nihame. Walisema nimechoka, nikapumzike kwa ndugu. Nikawaambia, nikihama, mwanangu akirudi atanikuta wapi?" Nilimshika bega. Sauti haikutetemeka. "Mama hamuulizi alikuwa wapi. Anamwambia, ingia ndani, umelowa. Umekula?" Pembeni yangu wanawake walikuwa wanalia waziwazi, na kule mbele nilisikia mwanamume akipenga kamasi. Nilichungulia. Mzee Athumani alikuwa ameketi. Bakora ilikuwa imelala chini miguuni pake na hakuiokota mpaka mwisho.

Watu walipotoka, yeye alibaki nyuma akijifanya anatafuta kofia yake. Alimwita Bi Zuhura kutoka upande wake wa pazia. "Shemeji, mkanda huu una mafunzo."

"Ndiyo, shemeji."

"Yule mama alifanya vizuri kutohama." Akavaa kofia yake. "Alizeti nitaipeleka Kizota. Kule kuna hewa." Akaondoka bila kuaga. Mpaka leo sijui kama alidhani yale ni maneno ya Kihindi au alijua ni ya nani. Nimebadili mawazo mara nyingi, na sasa nadhani alijua.

Jioni tuliketi chumba cha nyuma tukila pilau iliyopoa. Nilishindwa kuvumilia. "Mama, uliwezaje kutafsiri bila kusikia?" Alitafuna kwanza, akameza. "Kihindi changu mimi ni cha dukani, mwanangu. Pima vizuri, punguza bei, toa mguu wako kwenye gunia. Hayo ndiyo niliyoyajua tangu utoto." Nikabaki na tonge mkononi. "Na mikanda yote ile?" Akasema, "Naangalia nyuso. Mtu aliyekosewa ana uso wake, anayedanganya ana uso wake. Mengine natoa kwangu." Akaniongezea nyama sahanini kama mtu anayefunga mazungumzo. Siku ya pili Fundi Selemani aliunga sanduku jingine kwenye waya wa lile la katikati, akalipandisha kizimbani, na wanawake wakawa na maneno pamoja na mvua yao, ambayo walikataa kabisa iondolewe. Bi Zuhura alisema maneno si lazima, lakini yakiwepo hayadhuru.

Hamisi alirudi miaka mingi baadaye, mimi nikiwa nimeshaolewa Morogoro. Bi Zuhura alinipigia simu, na simu yake ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kunipigia. "Nyemo," alisema, "amekula." Kisha akakata, nami nikakaa jikoni kwangu nikilia hadi vitunguu vikaungua.

Haya yote yalinipitia kichwani pale mkekani, shehe akiwa anamalizia dua. Kisha mngurumo ukabadilika. Niliinuka kidogo nikachungulia juu ya pazia la kijani nikamwona Hamisi, mtu mzima sasa, mvi kidevuni, amesimama na kipaza sauti mbele ya wanaume. Kumbe ana macho ya mama yake. Midomo ilikuwa inacheza, anasimama, anaanza tena, anajifuta uso kwa mkono wa kanzu. Huku kwetu halikufika neno hata moja.

"Anasema nini?" binti mwenye mtoto aliuliza tena, na safari hii wanawake wote wakanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye niliyesimama.

Nilimtazama Hamisi usoni. "Anasema alipiga hodi," nikawaambia, "na mama yake akaijua hodi yake."

"Halafu?"

"Halafu hakumuuliza alikuwa wapi. Alimuuliza kama amekula."

Yule mama mnene akajifunika uso kwa kanga, akasema amina.